Kwa nini ruta huungua wakati radi imepiga mbali

Ukikagua nyumba iliyopata hasara baada ya mvua ya radi, mara nyingi utakuta pasi imepona na jiko la umeme limepona, ila king'amuzi, TV yenye waya wa dishi na ruta ya waya wa simu vimekufa pamoja. Watu husema vifaa hivyo ni laini, na kwa kiasi wana haki. Lakini sababu kubwa ni kwamba kila kimoja kimeshika nyaya zinazotoka pande mbili: waya wa umeme upande huu, waya wa antena au wa mawasiliano upande ule. Radi ikipiga mamia ya mita kutoka hapo, nyaya hizo hupanda volteji kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo hutafuta pa kupitia ili isawazike. Inapitia ndani ya ruta.

Pigo la wastani la radi lina mkondo wa takriban ampea 30,000, na makubwa kabisa hufika 200,000. Mkondo huo hufika kileleni ndani ya mikrosekunde chache, yaani sehemu chache za milioni ya sekunde, na kasi hiyo ndiyo huumiza vifaa: waya ulio jirani huibua volteji hata kama radi haikuugusa. Vifaa vingi vya nyumbani vya volti 230 hutengenezwa vivumilie mpando wa ghafla, yaani saji, wa volti 2,500 hivi. Vilivyo nyeti huishia 1,500. Na si radi pekee. Mota kubwa inapozimwa, au laini ya umeme inapokatwa na kurudishwa, saji ndogo hupita pia. Hizo haziunguzi kifaa siku hiyo, ila hukichosha polepole.

Usitegemee saketi breka hapa. Kazi yake ni kukata mkondo uliozidi kabla waya haujapata moto, na kufanya hivyo huchukua milisekunde kadhaa. Saji imeshapita zamani. Kuzima swichi ya ukutani nako hakutoshi, maana umeme ulioruka kilomita nzima za hewa hausumbuliwi na pengo la milimita chache. Chomoa plagi, na chomoa waya wa antena pia. Fanya hivyo mapema. Hesabu sekunde kuanzia mmweko hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Hapo usiguse tena nyaya wala plagi, hata kama TV ni mpya. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kwa kinga ya kudumu kuna saji protekta, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna oksidi ya zinki. Volteji ikiwa ya kawaida, karibu haipitishi kitu; ikipanda ghafla, hufungua njia kuelekea ardhini, kisha hujifunga, kama vali ya sufuria ya presha. Zipo za aina ya 1 kwa majengo yenye mtego wa radi (fimbo ya chuma ya juu ya paa inayopokea radi) au yanayopokea umeme kwa nyaya za juu zilizo hatarini, aina ya 2 kwa boksi la kugawa umeme, na aina ya 3 karibu na kifaa chenyewe. Ile ekstensheni iliyoandikwa kinga ni aina ya 3. Ikiwa peke yake, bila ya 2 mbele yake, inaachiwa mzigo isiouweza.

Sasa tazama jinsi inavyofungwa. Waya ulionyooka wa mita moja, saji ya radi inapoupitia, huongeza volteji yake: mkondo ukipanda kwa ampea 1,000 kila mikrosekunde, waya huo huongeza takriban volti 1,000. Chukua saji protekta inayozuia isizidi volti 1,500. Fundi akiiunga kwa nyaya zenye jumla ya mita moja na nusu, vifaa vyako vinaona 3,000, na kifaa cha 2,500 kinaondoka huku saji protekta ikiwa nzima kabisa. Ndiyo maana mwongozo ni jumla ya nyaya zake isizidi sentimita 50: kutoka kwenye fezi (waya wenye umeme) hadi kwenye saji protekta, na kutoka kwenye saji protekta hadi kwenye baa ya ethi, yaani kipande cha chuma kinachokusanya nyaya zinazokwenda ardhini. Waya uliozungushwa vizuri ili boksi lipendeze ni mbaya kuliko uliokatwa mfupi. Mimi ningependelea kifaa cha bei ya kati kilichofungwa kwa waya mfupi kuliko cha bei ghali chenye mikunjo.

Kosa la pili ni ethi mbili. Utasikia mtu akidai kompyuta zichimbiwe fimbo yake ya ethi iliyo "safi", mbali na ile ya jengo. Piga hesabu: ampea 10,000 zikiingia kwenye ethi ya ohmu 10, ethi hiyo hupanda volti 100,000 juu ya ardhi ya mbali. Ethi ya pili haijapanda hivyo, na kompyuta iliyoshika zote mbili ndiyo daraja. Kama fimbo ni mbili au tatu, ziungwe pamoja. Ngao ya waya wa dishi (wavu wa chuma unaouzunguka waya wa ndani), mabomba ya chuma na fremu za paneli za sola navyo viungwe kwenye baa moja. Kila kitu kikipanda pamoja, hakuna tofauti ya kuunguza. Waya chanya na hasi za sola zipite bega kwa bega, zisiache kitanzi kikubwa juu ya paa, na inveta iwe na saji protekta ya umeme wa DC.

Mtego wa radi juu ya paa hulinda jengo na watu. Vifaa vya ndani bado vinahitaji saji protekta.

Jambo moja halimo katika uwezo wake: waya wa nyutro (wa kurudishia umeme) ukikatika kwenye mfumo wa fezi tatu, baadhi ya soketi zinaweza kupata volti karibu 400 kwa dakika nzima. Saji protekta haikuundwa kwa hilo, yenyewe inaweza kuungua. Hapo inatakiwa relei ya volteji, yaani swichi inayokata umeme yenyewe volteji ikizidi.

Mara nyingi saji protekta ya boksini ina kidirisha kidogo. Kikiwa kijani, inafanya kazi. Kikiwa chekundu, imeshakufa ingawa taa za nyumba zinawaka kama kawaida, na katriji yake hubadilishwa bila kugusa nyaya nyingine. Kitazame baada ya kila mvua kubwa ya radi.