Neno "adimu" kwenye mnada wa vipuri vya kompyuta za kale

Pale Mwaloni Kirumba, mnunuzi wa dagaa haridhiki na kinachoonekana mdomoni mwa gunia. Anazamisha mkono hadi chini kutafuta mchanga, ndipo mnazungumza bei. Kwenye mnada wa mtandaoni mkono haufiki. Mnunuzi ana picha zako na maneno yako tu, basi. Sisi mafundi wa Mwanza tunaouza chipu na mazabodi (bodi kuu za kompyuta) kuukuu kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani tuna dhana kadhaa zinazotuharibia jina, na inaniuma.

"Sijawahi kuiona, kwa hiyo ni adimu."

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, na kwetu lina mizizi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hivyo mashine za enzi zile hazikutapakaa hapa. Fundi anaweza kuzeeka Mwanza asiishike kompyuta ya Commodore 64 hata siku moja. Lakini mashine hiyo, iliyotoka 1982, iliuzwa zaidi ya milioni 10. Uhaba wa kwetu si uhaba wa dunia. Adimu ni kompyuta ya Apple-1 ya mwaka 1976: zilitengenezwa takriban 200, na wakusanyaji wanazifuatilia moja moja kwenye orodha. Ukitaka kuandika "adimu", taja zilitengenezwa ngapi au zinajulikana kubaki ngapi. Huna idadi? Andika aina, mwaka na hali yake, ukomee hapo.

"Kuna mtu anauza kama hii dola 900, basi bei ndiyo hiyo."

Hiyo ni bei anayoitamani, na huenda tangazo lake limekaa miezi bila mteja. Mtandao wa mnada wa eBay unakuruhusu kuchuja ubaki na vitu vilivyokwisha kuuzwa. Tazama hivyo.

"Rafiki akinipandishia dau kidogo, si wizi."

Ni wizi. Mnunuzi analipa ushindani ambao haukuwapo, na kanuni za minada zinakataza.

"Maandishi juu ya chipu hayadanganyi."

Yanadanganya sana. Wapo wanaosugua uso wa chipu kwa msasa, wanaupaka rangi nyeusi, kisha wanachapa jina la chipu ya bei kubwa. Anza na tarakimu nne za tarehe: kwa kawaida 8423 ni wiki ya 23 ya mwaka 1984. Prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya 486 ilitoka 1989, kwa hiyo 486 yenye 8423 ni uongo mtupu. Kisha angalia vishimo vidogo vya duara kwenye uso wake. Rangi ya kughushi huviziba. Pamba yenye asetoni ikitoka nyeusi, umepata jibu. Na kama tangazo linasema "mpya" huku miguu ina mabaki ya risasi ya kulehemu, chipu hiyo imeshang'olewa mahali.

"Ina dhahabu, hata ikifa ina thamani."

Sisi majirani wa Geita tunavutwa haraka na neno hili. Prosesa ya Pentium Pro ya 1995 kweli ina dhahabu, na nyingi zimeangamizwa kwa sababu hiyo. Lakini ni utando mwembamba, na kuutoa kunahitaji asidi kali zinazounguza mapafu. Usimuuzie kijana chipu mbovu kwa ahadi hiyo akaenda kuichemsha uani kwao.

"Nikiandika 'haijajaribiwa', sijadanganya."

Ikiwa kweli huna pa kuijaribia, sawa, sema hivyo na useme kwa nini. Ila mara nyingi mtu ameiwasha, imegoma, ndipo akaandika neno hilo. Niliwahi kununua mazabodi ya namna hiyo. Ilipofika, betri yake ya kuchaji ilikuwa imevuja na kula njia za shaba hadi karibu na soketi ya kibodi. Nilirudi kwenye tangazo: picha zote tatu zilikuwa zimekatwa kona ile ile. Mtu hakati kona asiyoijua.

Tangu siku hiyo napiga picha ya betri kwanza. Tangazo langu la mwisho lilisomeka: "Mazabodi ya 486. Nimeiwasha, inalia mara tatu, haitoi picha. Betri ilivuja, nimeitoa, tazama picha ya kwanza." Aliyeichukua aliuliza jambo moja tu kabla ya kuweka dau: ile kona niliisafisha kwa kitu gani.