Cheti cha Unguja hakivuki bahari

Juzi alinijia mama mmoja kutoka Wete, mkobani ana cheti chake cha alama ya biashara cha BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, ndani ya mfuko wa plastiki, na kipande cha sabuni ya mwani na karafuu. Karatasi ya kufungia ni ile ile yake, na jina ni lile lile alilolitoa kwa bibi yake. Ila nyuma pana anuani ya Nairobi.

"Mwanangu, huyu ndiye mnunuzi wangu."

Nikamuuliza kama aliwahi kupeleka maombi Kenya.

"Si ninacho cheti?"

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Alama ya biashara inalindwa pale iliposajiliwa tu, na sisi tumezidi: jamhuri moja, madaftari mawili. Cheti cha BPRA, chini ya Sheria ya mwaka 2008, kinakulinda Unguja na Pemba. Ukishuka boti Dar huna kitu mpaka uende BRELA, wakala wa usajili wa Bara. Hata muda ni mbali mbali: kwetu miaka 10, Bara 7 ya mwanzo kisha 10 kila unapohuisha. Na kwa kuwa Tanzania haimo katika Itifaki ya Madrid, huwezi kujaza fomu yake moja ya kimataifa ikafika hadi Kenya. Mkataba wa Paris unakupa miezi 6 tangu ulipoomba kwenu, uombe nchi nyengine na uhesabiwe tarehe ile ile ya kwanza. Yeye ilishampita zamani.

Bahati, maombi ya yule mnunuzi ya kulisajili jina hilo Kenya ndiyo kwanza yametangazwa, na Kenya inatoa siku 60 za kuweka pingamizi. Tukaanza kusaka ushahidi. Stakabadhi zake zote zimeandikwa "sabuni, boksi 12". Jina la sabuni halimo hata moja! Kitambulisho kina majina matatu, cheti kina mawili, kwa hiyo kabla ya hati ya uwakala kwa wakili wa Nairobi ikabidi tule kiapo kwamba ni mtu mmoja. (Msiicheze hii, nimeona faili likirudi kwa herufi moja.)

Kilichotufaa kilikuwa ndani ya simu: ujumbe wa mnunuzi mwenyewe, wa kabla hajaomba usajili, akiagiza katoni tatu na kuitaja sabuni kwa jina lake, "ile yako".

Jana mama kanipigia, yule bwana ameagiza tena. Nimemwambia asimjibu, na ujumbe asiufute.