Je, Wajua Kwa Nini Macho Hushiba Filamu ya Akira Huku Akili Ikibaki na Njaa?

Jumamosi moja jioni, mtaani Nyalenda hapa Kisumu, tulikaa watu watano mbele ya televisheni moja na kutazama filamu ya katuni ya Kijapani iitwayo Akira. Ina dakika 124. Si ya watoto, ina damu nyingi, nasi tulikuwa watu wazima watupu. Hakuna aliyesinzia, hakuna aliyetoka nje kupokea simu. Ilipokwisha, ungedhani kila mmoja wetu alikuwa ametazama filamu yake.

Fundi wa pikipiki, mwenye banda lake Kondele, alisema tangu azaliwe hajaona kitu kilichochorwa vizuri namna hiyo. Mama jirani, anayeuza omena Kibuye, akasema, "Nimeona moto, nimeona nyumba zikiporomoka, na ngoma zake zimenishika kabisa. Lakini nani alimkosea nani? Hapo sijui." Mwalimu mstaafu alifuta miwani yake, akaivaa tena, akatamka kwamba hadithi haina kichwa wala miguu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Maseno, alikuwa ameshaiona mara tatu, na maneno ya mwalimu yalimuuma kama ametukaniwa ndugu. "Mjomba, waambie," akanigeukia. "Waambie hii ni kazi kubwa."

Sikuwa na la kuwaambia usiku ule. Nimelitafakari tangu hapo, na leo nina jibu ambalo naona lina uzito.

Tuanze na macho. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Katuni nyingi za televisheni za Japani, ili kupunguza gharama, hushikilia mchoro mmoja kwa picha tatu, kwa hiyo jicho hupata michoro 8 tu kwa sekunde. Ndiyo maana unaona mtu amesimama kama sanamu huku mdomo peke yake ukichezacheza. Katsuhiro Otomo, aliyeiongoza Akira, hakutaka njia hiyo ya mkato. Timu yake ilichora na kupaka rangi kwa mkono zaidi ya karatasi angavu za plastiki 160,000. Walitumia rangi 327, na 50 kati ya hizo zilitengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi hutokea usiku, na usiku wa mji mkubwa si mweusi. Una samawati, una zambarau, una kijani cha taa za matangazo. Sauti za waigizaji nazo zilirekodiwa kwanza, kisha midomo ikachorwa kuzifuata, ilhali desturi ya Japani ilikuwa kuchora kwanza.

Kuna mahali Kaneda, kiongozi wa genge la vijana wa pikipiki, anafunga breki na kuiacha pikipiki yake nyekundu iteleze kiubavu hadi isimame. Fundi wetu aliomba turudishe nyuma mara tatu. "Tazama, omera. Tairi la nyuma limetangulia, uzito ameutupa upande wa ndani, na moshi unatoka chini ya mpira. Aliyechora hapa ameshawahi kutazama pikipiki ikiteleza." Kisha akatuonyesha taa za nyuma zinavyoacha michirizi myekundu hewani, jinsi unavyoziona za bodaboda ukiwa umesimama usiku chini ya daraja la Kondele na macho yamechoka.

Raha hiyo haihitaji utangulizi. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, Mary Potter akiwa miongoni mwao, waliwapitishia watu mfululizo wa picha, nyingine zikikaa milisekunde 13 tu, yaani muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hata hivyo watu waliweza kusema kama picha fulani walikuwa wameiona. Jicho huchota maana ya picha papo hapo, bila kujali limezaliwa Osaka au Ahero. Ndiyo maana hata mwalimu, aliyeikataa hadithi, hakuthubutu kuikataa michoro.

Hadithi ni habari nyingine. Ile inataka kitu ambacho mtazamaji amekuja nacho kutoka nyumbani.

Mwaka 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, waliwasomea watu maelezo yenye maneno mepesi kabisa: panga vitu katika mafungu, fungu moja linaweza kutosha, usizidishe kwa wakati mmoja maana kosa ni ghali, ukimaliza panga tena na urudishe mahali pake. Kila sentensi ilieleweka, ila jumla yake ilikuwa giza. Wengine waliambiwa mapema kwamba mada ni kufua nguo. Hao walielewa, na wakakumbuka takriban mara mbili ya wenzao. Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: waliotajiwa mada baada ya kusomewa hawakufaidika chochote. Maneno yalikuwa yamekwisha kupita, hayakupata pa kushika.

Sasa rudi kwenye sekunde za kwanza za Akira. Tunaonyeshwa Tokyo kutoka juu, kimya. Maandishi yanataja tarehe: 16 Julai 1988. Mwanga mweupe wa mviringo unavimba katikati ya jiji, unameza majengo, hausikiki. Kisha tunaruka hadi 2019, kwenye Tokyo mpya, na shimo kubwa limebaki pale. Hakuna anayetueleza kitu. Filamu yenyewe ilitoka Japani siku hiyo hiyo, 16 Julai 1988, kwa hiyo watazamaji wa kwanza waliona jiji lao likifutika tarehe ile ile waliyokuwa wamekata tiketi. Nao ni watu wa nchi iliyopigwa mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki, tarehe 6 na 9 Agosti 1945. Mwanga mweupe juu ya jiji ni sentensi nzima kwao. Uwanja wa Olimpiki unaojengwa katika filamu unawakumbusha michezo ya Tokyo ya 1964, nchi ilipojitangaza kwamba imeinuka kutoka majivuni. Wanafunzi wanaopambana na polisi barabarani wanawakumbusha maandamano ya miaka ya 1960. Otomo, aliyezaliwa 1954, alikua katikati ya hayo yote.

Sisi watano wa Nyalenda tuliona mwanga, uwanja na fujo. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na hapa giza halikuwa kwenye kioo.

Ukitaka kulihisi jambo hili kutoka upande wa pili, mchukue mgeni umpeleke Kendu Bay, kwenye ziwa dogo la magadi la Simbi Nyaima. Msimulie kwamba palikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja watu wakicheza na kunywa, akaja bikizee mgeni akiomba hifadhi, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, naye akaambiwa achukue watu wake aondoke. Mvua ikashuka, kijiji kikazama. Mgeni atakuuliza: bikizee huyo alikuwa nani? Nguvu alizitoa wapi? Mbona kosa dogo namna hiyo limeua kijiji kizima? Mtoto aliyekulia pwani hii ya ziwa hana maswali hayo. Anajua mgeni hafukuzwi, anajua bikizee asiyejulikana si wa kuchezewa, na shimo lenye maji analiona kwa macho yake. Nilipomkumbusha mama wa omena hadithi ya Simbi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe lile shimo la Tokyo ni Simbi yao." Sijasikia mtu akiieleza Akira kwa maneno machache na ya kweli kuliko hayo.

Jambo la pili lililotuangusha ni maandishi. Tulitazama kwa sauti ya Kijapani na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Géry d'Ydewalle na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walifuatilia macho ya watazamaji na kuonyesha, mwaka 1991, kwamba maandishi yakitokea jicho huyafuata lenyewe, hata kama mtu anaielewa lugha inayosemwa. Kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya tatu, jicho linakaa huko chini muda mrefu zaidi. Filamu hii ina tabia ya kuweka mambo makubwa katika picha na mazungumzo kwa wakati mmoja. Mwalimu alisoma kila mstari kwa bidii, na ndiyo maana alipitwa na nyuso. Fundi hakusoma kitu. Alipoombwa asimulie, alitupa hadithi safi ya vijana wawili wa genge moja waliogombana, mmoja akapata nguvu na kiburi. Watoto wenye nyuso za wazee, wale ambao serikali inawafanyia majaribio, hakuwataja kabisa.

Msimcheke. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge, Uingereza, alionyesha jambo hilo hilo katika kitabu cha 1932. Waingereza walisoma hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini yenye mizimu na mitumbwi, na kila walipoisimulia tena mitumbwi iligeuka mashua, mizimu ikayeyuka. Kumbukumbu huikata hadithi ngeni ikae sawa na vazi tulilozoea kushona.

Hata hivyo sitaibebesha lawama zote hadhira, na hapo natofautiana na mpwa wangu. Akira ilikuwa kwanza hadithi ya michoro ya magazeti, aliyoianza Otomo mwenyewe Desemba 1982. Iliishia 1990, ikajaza vitabu 6 vyenye kurasa zaidi ya 2,000. Filamu ikatoka 1988, kabla hadithi yenyewe haijafika mwisho, na yote hayo yakashindiliwa katika saa mbili na dakika nne. Kitabuni, Akira ni mtoto anayetembea na kupumua, na watu wanamgombania kurasa nyingi. Katika filamu anatafutwa muda wote, kisha chini ya uwanja wa Olimpiki zinapatikana chupa tu, zenye vipande vya mwili wake. Mwalimu alikuwa na haki ya kuhisi kaporwa kitu. Nusu saa ya mwisho inakimbia kama matatu ya Kakamega iliyochelewa zamu: Tetsuo, yule kijana wa genge aliyepata nguvu, anavimba, mwili unamponyoka, watoto wanamwamsha Akira, mwanga mweupe unarudi. Ni nzuri kupindukia kwa macho, na imebanwa kupita kiasi. Naipenda, na bado nasema imebanwa.

Tena, Wajapani wenyewe si kwamba huelewa kila kitu. Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa vipindi 26 uliorushwa Oktoba 1995 hadi Machi 1996, uliishia kwa vipindi viwili ambamo vita vinaachwa nje na tunaingizwa ndani ya mawazo ya kijana anayejihoji. Watazamaji wa nyumbani waligawanyika vikali, na Julai 1997 ikatoka filamu yenye mwisho mwingine. Pale mtunzi, Hideaki Anno, alikuwa ameuchagua ukungu kwa makusudi. Kwa Akira ukungu mwingi umetokana na mkasi. Naona ni vyema kutofautisha mambo haya mawili kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu ukungu wa mkasi unaweza kuondolewa kwa maelezo machache, na ule wa makusudi hauondoki hata ukisomewa kitabu kizima.

Maelezo yatolewe na nani? Hapa Kenya tuna mazoea ya zamani. Filamu za ngumi za Kichina tulizielewa vibandani kwa sababu DJ Afro na wenzake walipaza sauti juu ya picha, wakatuambia nani ni nani na ana kisasi gani. Jambo lililonifurahisha kulijua ni kwamba Japani walikuwa nao pia. Enzi za filamu zisizo na sauti, msimulizi aliyeitwa benshi alisimama kando ya pazia, akaigiza sauti zote na kufafanua mambo. Wengine walipendwa hata kuliko waigizaji, na watu walienda sinema kumsikiliza benshi fulani. Filamu za sauti ziliwamaliza katika miaka ya 1930.

Basi wiki mbili baadaye tuliitazama tena, watano wale wale, nami nikawa benshi wa dakika moja. Kabla ya kuwasha nilisema mambo matatu tu. Serikali ilikuwa ikifanya majaribio juu ya watoto wenye nguvu za akili, na kila mmoja ana namba kiganjani. Akira ni namba 28. Mmoja wa watoto hao ndiye aliyeufuta mji. Tetsuo ni yatima aliyekua pamoja na Kaneda, akilindwa naye kama mdogo wake, naye amechoka kuokolewa. Nikanyamaza.

Mama wa omena hakuuliza tena nani alimkosea nani. Mwalimu bado aliona mwisho umeharakishwa, ila safari hii alibishana na mpwa wangu kuhusu Tetsuo, kama ni wa kuhurumiwa au la, hadi chai ikapoa. Na fundi, mbio za pikipiki zilipokuwa zimepamba moto, zile zile alizokuwa amezishangilia mara ya kwanza, alinyanyua mkono ghafla akaomba tusimamishe picha. Mbele ya taa ya Tetsuo, katikati ya barabara, amesimama mtoto mwenye uso wa mzee.

"Omera," akasema taratibu, "kumbe alikuwa hapa tangu mwanzo."