Kitenzi cha Kiingereza na nomino ya jirani

Wanafunzi wengi wa Unguja na Pemba, na hata baadhi yetu tuliokwisha kumaliza skuli, huamini kwamba kitenzi cha Kiingereza hufuata nomino iliyo karibu nacho zaidi. Ndiyo maana mtu huandika "The price of cloves have risen", kwa kuwa "cloves", yaani karafuu, ni wingi.

Kwa kawaida sivyo. Nomino inayotanguliwa na kihusishi kama "of" au "in" huifafanua tu nomino kuu, na kitenzi huifuata hiyo kuu: "The price of cloves has risen". Kiswahili nacho ni hivyo hivyo, kwani tunasema "pakacha la karafuu limeanguka", wala si "zimeanguka", hata likiwa limejaa pomoni.

Ukitaka kuhakiki, funika kwa kidole maneno yaanziayo kwenye kihusishi hadi kabla ya kitenzi, kisha usome kilichobaki. Njia hii, nakiri, hukwama penye "a number of", ambayo huchukua kitenzi cha wingi, ilhali "the number of" huchukua cha umoja. Hapo fungua kamusi ya wanafunzi, kwenye neno "number", utazame mifano yake.