Macho yamevimba, midomo imechubuka, ngozi safi

Juni na Julai, baridi ikikaza huku Mbeya na mabweni yakijaa vikohozi, huwa napokea mgonjwa mmoja anayetutesa vichwa. Kijana amekuwa na homa na kikohozi kwa kama wiki, kisha midomo inachubuka na kuganda damu, kope zinashikana, na akikojoa anasikia moto. Mvue shati: ngozi karibu yote ni safi.

Barua ya rufaa husema sindromu ya Stevens-Johnson, yaani mzio mkali wa dawa unaobambua ngozi pamoja na midomo na macho. Siwalaumu. Nyanda za Juu Kusini tuna watu wengi wanaoishi na VVU, na Septrini (antibiotiki wanayopewa pia kama kinga ya maambukizi), nevirapini ya VVU na kabamazepini ya kifafa ni washukiwa wa kweli. Ila kijana kama huyu mara nyingine anaungua kwa kinga ya mwili wake mwenyewe, iliyoamshwa na maikoplazima, bakteria wa mapafu.

Kinachonisaidia zaidi ni tarehe. Mzio ule kwa kawaida hujitokeza siku 4 hadi 28 baada ya kuanza dawa mpya. Jibu la "hajatumia dawa yoyote" silipokei. Namwomba mama amwage mkoba mezani, na mara nyingi kinadondoka kikaratasi cha duka la dawa chenye vidonge visivyo na jina. "Hivyo ni vya mafua tu, daktari." Sawa mama, alianza kumeza lini? Kama ni jana jioni, na midomo ilichubuka juzi, kidonge hicho hakina kesi ya kujibu. Hata hivyo nakisimamisha mpaka nijiridhishe.

Amoksilini hapa haifui dafu, maana maikoplazima hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia. Natumia azithromaisini au doksisaiklini.

Jicho lenyewe halingoji tubishane chanzo. Utando mweupe ukijijenga ndani ya kope, kope huweza kugandana na uso wa jicho ndani ya siku chache, na kovu hilo linabaki baada ya midomo kupona. Naweka fluoresini, rangi inayoonyesha michubuko ya jicho, natazama kila siku, natoa utando, nalainisha jicho mfululizo. Tuiteni sisi wa macho siku ya kwanza, jamani, si siku ya kuruhusiwa.

Kisha kadi ya mgonjwa. Ukiandika "mzio wa Septrini" kwa kukisia, siku akihitaji kinga hiyo kwa sababu ya VVU atanyimwa. Naandika dawa, tarehe aliyoanza na tarehe midomo ilipochubuka.