Aibu kwa mwanasaikolojia: usisubiri kushika kitasa

Aibu ni nini? Si sawa na hatia?

Hatia inasema "nimekosea". Aibu inasema "mimi ndiye kosa". Mwenye hatia huomba radhi, mwenye aibu hujificha.

Nimeanza tiba ya mazungumzo, ila kuna jambo siwezi kulitamka. Nisubiri nizoee kwanza?

Usisubiri. Hapa Dar naliona hili kila wiki. Mtu anakuja na kichwa, kukosa usingizi, "vidonda vya tumbo" visivyoonekana kwenye vipimo. Dakika 45 tunaongelea foleni na bosi. Akishashika kitasa ndipo anasema: "Halafu dokta, mjomba alinifanyia vibaya nikiwa mdogo." Au ni mkopo wa kausha damu ambao mkewe haujui. Muda umekwisha, mwingine yuko benchi. Wiki inayofuata haji, maana ameondoka akijiona amevuliwa nguo. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Usisubiri.

Kwa hiyo nieleze yote siku ya kwanza?

Hapana. Sema tu: "Kuna jambo naona aibu kulisema." Inatosha. Tutaanza na hiyo aibu yenyewe: inakushika wapi mwilini, unahofu nitakuonaje, nani alikufundisha kujiona hivyo. Ukicheka panapouma, nitakuuliza taratibu. Kisa kitafuata kwa mwendo wako. Tangu mwaka 1971 Helen Block Lewis, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechambua maandishi ya vikao vya tiba, alionyesha jinsi aibu isiyotajwa inavyokwamisha matibabu.

Nikionekana hospitali je?

Wapo wa Mbagala wanaopanda daladala mbili hadi Mwananyamala ili jirani asiwaone. Sawa, pandeni, ila mfike. Unayosema ndani ni siri, isipokuwa uhai ukiwa hatarini.

Ndugu wanasema nijikaze, mwanaume halii.

Jamani, acheni maneno hayo. Mnayemwambia ajikaze anajikaza kweli, kwa pombe, miaka mitano, halafu mnamleta akiwa amebebwa. Usisubiri ruhusa ya ukoo.

Na kama aibu imenifikisha kufikiria kujiua?

Leo. Si siku ya miadi, leo, hata saa nane usiku. Amana, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili, yoyote iliyo karibu, nenda dharura. Aliye na mtu mwenye mawazo hayo asimwache peke yake hata chooni. Na mkifika mapokezi, msiseme mmekuja kwa sababu ya kichwa.