Kabla hujabonyeza kitufe cha kijani

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka shamba moja la maua upande wa Usa River. "Fundi, shikamoo. Pampu mpya inaunguruma ila maji hayaji." Nikamwambia kijana aizime kwanza, mengine tutaongea. Nilipofika, chumba kilikuwa kinanuka mpira ulioungua. Sili, ile pete inayozuia maji kuvuja kwenye shafti, imekwisha, na pampu ilizunguka kavu dakika chache tu.

Pampu ya kawaida ya impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji, haiwezi kujinyonyea maji ikiwa imejaa hewa. Hewa ni nyepesi mno, impela inaichapa bure. Na sili ile ya kwenye shafti hupozwa na kulainishwa na maji hayo hayo, yakikosekana, inajichoma.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau. Kikomo cha kuvuta maji cha mita 10 na kidogo ni hesabu ya usawa wa bahari. Kinachopandisha maji bombani ni uzito wa hewa iliyo juu ya maji, na Arusha, karibu mita 1,400 juu, hewa hiyo imepungua: kikomo kinabaki kama mita 8.7. Moshi ni afadhali kidogo. Ukitoa msuguano wa bomba na mahitaji ya pampu yenyewe, mimi sipendi kuzidi mita 5. Ni bora kuishusha pampu karibu na maji.

Kabla ya kugusa chochote nazima swichi kuu, naipiga kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwangu. Nazungusha shafti kwa mkono nione kama inakwama. Nafungua valvu ya kuvutia yote, nalegeza kizibo cha hewa, namimina maji mpaka yatoke bila mapovu. Yakishuka tena, futivalvu, ile valvu ya chini ya bomba la kuvutia inayozuia maji kurudi, inavuja; hapo siendelei mpaka itengenezwe.

Kava ya kapilingi, kiungo cha mota na pampu, ikisharudi mahali pake, nawasha na kuzima papo hapo, nikitazama mshale wa mwelekeo ulio kwenye pampu. Ikizunguka kinyume, nakata umeme, napiga kufuli tena, nabadilishana nyaya mbili za fezi. Msidanganywe na maji kutoka: pampu inayozunguka kinyume bado hutoa maji, ila kwa nguvu ndogo.

Valvu ya kutolea naianza ikiwa karibu imefungwa, ili mota isibebe mzigo wote kwa mara moja, kisha naifungua taratibu huku nikisoma ampea. Ikibaki imefungwa, maji ya ndani yatachemka. Lakini pampu ya gia au ya pistoni ni kinyume kabisa! Hiyo ukiiwasha njia ya kutokea ikiwa imefungwa, presha hupanda mpaka kitu kipasuke.

Nikisikia mlio kama wa changarawe ndani, nazima na kurudi kukagua upande wa kuvutia. Nisiposikia, nakaa hapo nusu saa nzima, nikipima joto la beringi na kuangalia geji. Kijana wa Usa River safari hii alikaa nami, akiandika ampea kwenye daftari kila dakika tano.